Kiti cha Nyuma, Penye Nguzo

Shangazi yangu hajui sura yako, lakini kama umewahi kununua tiketi kwetu, mkono wako anaujua. Amekaa nyuma ya dirisha la tiketi miaka ishirini na sita, na kioo cha dirisha hilo kilipakwa rangi nyeupe kabla hajaajiriwa, eti kuzuia jua. Kilichobaki wazi ni tundu la chini, nusu duara, la kupitisha pesa na tiketi. Basi yeye huona mikono: pete, kucha, makovu, vidole vilivyotoka kumenya vitunguu. Wateja nao hawamjui sura. Wanaijua sauti yake tu, na wanamwita Bi Dirisha. Mimi namwita Shangazi, kwa sababu ni dada wa baba yangu, na kwa sababu nikimwita vinginevyo nanyimwa chai.

Mimi ni mshonaji wa mavazi ya jukwaani. Ukumbi wetu unaonyesha michezo ya nyimbo, na kwa wasioijua kazi hii niseme mapema kwamba kuimba ni sehemu yake ndogo. Watu thelathini na wanane wanakula kutokana na mchezo mmoja. Kuna waimbaji, wacheza dansi, bendi iliyo ndani ya shimo mbele ya jukwaa, watu wa taa, mpaka mimi na sindano zangu. Mchezo ukipendwa unaweza kwenda miaka miwili, mitatu, kila wiki, nyimbo zile zile, maneno yale yale, suruali ile ile nikiitia kiraka kipya. Usipopendwa, wiki ya tatu tunaviringisha mapazia na kila mtu anashika njia yake.

Kinachofanya mchezo upendwe ni nini? Watunzi wanadhani ni maneno. Waimbaji wanadhani ni koo zao. Sisi wa chumba cha mavazi tunajua ni nguo, ila hatusemi. Shangazi anasema ni mahali ulipokaa.

Nilipokuwa mgeni kazini nilimcheka kwa hilo, naye akaniuliza kama nimewahi kuwasha mkaa. Nikamwambia nimewasha tangu nina miaka sita.

"Unauwashaje?"

"Naukusanya, naupepea."

"Ukiutawanya?"

"Unazima."

"Basi na watu ni hivyo hivyo," akasema. "Mtu akiwa peke yake hacheki kwa sauti. Anajiona mwendawazimu."

Kwa hiyo alikuwa hauzi tiketi ovyo. Mbele yake kulikuwa na karatasi yenye mchoro wa viti vyote mia nne na themanini vya chini, na penseli iliyofungwa kwa uzi. Kila mkono uliotokea kwenye tundu aliukaribisha kwa maneno yale yale, "Aliye mbele yangu, mmoja au wawili?" Kisha hutupa mzaha mdogo na kutega sikio. Mwenye kicheko cha wazi huenda katikati, safu ya tano au ya sita. Anayechekea puani anawekwa ubavuni mwa mwenye kicheko cha wazi, aambukizwe. Wanaokohoa wako karibu na mlango. Warefu anawajua kwa sababu sauti zao zinashuka kutoka juu, na hao ni wa safu za mwisho. Hata watu mia mbili wakija, wanakaa pamoja kuanzia katikati kwenda nje, na viti vitupu vinabaki nyuma gizani ambako havimsumbui mtu.

Alikuwa na mkono mmoja anaoupenda kuliko yote, wa muuguzi mstaafu aliyekuja kila Alhamisi mchana na kucheka sekunde moja kabla ya wenzake. Tunamwita Mama Kicheko. Shangazi alimwekea kiti cha sita, safu ya sita, na kiti hicho hakikuuzwa kwa mtu mwingine hata siku ya mvua.

Na msidhani dirisha lilimnyima maisha. Mume alimpata pale pale. Ulitokea mkono wenye ukucha mweusi wa gumba, mkono wa seremala, ukanunua tiketi. Kesho yake ukanunua nyingine. Siku ya kumi na tisa Shangazi akamuuliza mchezo huo umemfurahisha nini hata aurudie hivyo, na mwenye mkono akakiri hajauona hata mara moja. Alikuwa akichukua tiketi na kurudi kazini. Wameishi pamoja miaka ishirini na miwili, na siku hizi yeye ndiye fundi wetu wa viti na milango. Mpaka leo Shangazi humtania kwamba angempata bure kama angegonga mlango wa pembeni.

Jambo moja lilinishangaza siku zote. Katika miaka yote hiyo Shangazi hakuwahi kuingia ukumbini watu wakiwa wamekaa. Michezo aliijua kupitia ukuta. Dirisha lake limeegemea ukuta wa ukumbi, naye alikuwa akiweka kiganja pale na kungoja. Mchezo wetu wa sasa ni wa tarishi anayefungua barua za watu na kuzijibu mwenyewe, na dakika ya kumi na moja anajibu barua ya mapenzi bila kujua imeandikwa na mkwewe. Hapo ndipo kicheko cha kwanza kikubwa. Ukuta ukitetemeka dakika ya kumi na moja, Shangazi hujimiminia chai. Usipotetemeka, chai inapoa.

Mwaka wa kwanza na wa pili wa Tarishi, chai haikuwahi kupoa. Watu walipanga foleni mpaka kwa muuza viatu. Nilishona kofia ya tarishi mara saba kwa sababu ya kuchakaa. Kisha tukaletewa meneja mpya, kijana msomi, mpole, mwenye viatu visivyotoa sauti, na meneja akaleta mauzo ya simu. Mteja anafungua simu yake, anaona viti vyote, anachagua anachokitaka. Nani atalaumu? Hata mimi nimenunua kitambaa kwa njia hiyo.

Ila mtu akiachiwa achague, anachagua mbali na mwenzake. Huyu kona ile, yule kona hii, na mkoba kwenye kiti cha katikati. Jumamosi hakukuwa na neno, ukumbi ulijaa. Siku za katikati ya wiki watu mia mbili na hamsini walitapakaa, kila mmoja na kisiwa chake. Maneno yalikuwa yale yale, nyimbo zile zile, lakini ukuta ukanyamaza. Waigizaji nao wakaanza kupaza sauti na kutia chumvi, na mwimbaji mkuu akakauka koo. Shangazi alimweleza meneja mara tatu. Meneja alimsikiliza kwa adabu na kumwonyesha jedwali la mauzo.

Dirishani walibaki wateja wa zamani tu, na wapya wachache wasioamini simu. Mmoja wao alikuwa mkono wa mzee, safi, wenye kidole cha mwisho kilichopinda kama ndoana. Ulikuja kila Alhamisi na kutaka kiti cha nyuma kabisa, penye nguzo, asiwepo mtu kulia wala kushoto. Kiti hicho tunakijua. Unaona nusu ya jukwaa, na sauti inafika imechoka. Mtu mwingine angekiomba, Shangazi angemgombeza. Lakini mkono huu haukucheka mzaha wake hata siku moja, na yeye akaamua kwamba huyo amefiwa na mkewe. "Mtu mwenye msiba hapangiwi jirani," aliniambia. Akampa, wiki kumi na moja mfululizo, na kila mara akamwombea kimoyomoyo.

Ndipo habari ikaja. Wenye mtaji wa mchezo ni watatu, na mkubwa wao ni mzee mwenye kiwanda cha magodoro, ambaye sisi, kwa heshima zote, tunamwita Mzee Magodoro. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona. Meneja alitukusanya jukwaani akatuambia kwamba wenye mtaji wamepata taarifa kuwa siku za wiki watu hawacheki tena, na kwamba Alhamisi ijayo mchana watakuja kutazama wenyewe. Wakiona hivyo hivyo, mchezo utafungwa mwisho wa mwezi. Mpiga tarumbeta akauliza nani amepeleka taarifa hiyo. Meneja hakujua. Tukatazamana kama wezi. Mimi, nisifiche, nilimshuku mpiga tarumbeta.

Dawa ya meneja ilikuwa tiketi za bure. Aligawa mia tatu, kwa chuo kimoja na ofisi mbili, na kompyuta ikazipangia viti ukumbi mzima ili usionekane mtupu. Shangazi aliposikia alitikisa kichwa. Alisema tiketi ya bure haimvushi mtu dimbwi. Meneja akatabasamu. Hakujua kwamba Shangazi alikuwa ametazama mawingu.

Alhamisi ilinyesha tangu saa tatu asubuhi. Zikiwa zimebaki dakika kumi na tano kufungua pazia, nilichungulia kwenye tundu letu la pazia, lile ambalo waigizaji wamelichakaza kwa macho, na roho ikanishuka. Wa bure hawakuja ila wachache. Ndani kulikuwa na watu kama mia mbili na thelathini, wameloa, wametawanyika, mapengo kila safu kama mdomo wa mtoto wa miaka saba. Huko juu, kwenye kibanda cha heshima, niliona vivuli vitatu. Kutoka pale juu huoni nyuso. Unaona vipara na viti vitupu.

Nilikimbia kwa Shangazi na pini zangu bado zikiwa mdomoni. Nikamweleza. Nikamwambia aingie awapange.

Alikataa. Alisema yeye ni wa dirishani, ukumbini yeye ni nani? Hapo ndipo nilipoielewa ile miaka yote. Shangazi yangu, anayewapangia watu mia tano pa kukaa, ni mwanamke mfupi mwenye goti bovu na kandambili za bluu, na aliona haya. Nyuma ya kioo alikuwa Bi Dirisha. Mbele ya kioo alijiona bibi mmoja tu anayechechemea.

Nilikasirika, nasema kweli. Nikamwambia watu thelathini na wanane hawawezi kufa kwa sababu ya kandambili.

Kisha akaweka kiganja ukutani, kama kawaida yake, na ukuta ulikuwa kimya. Akachukua penseli, akafunga tundu la dirisha, akatoka. Mimi nikarudi mbio nyuma ya pazia.

Alisimama mbele ya safu ya kwanza, kando ya shimo la bendi, akasema samahani, jamani. Hakuna aliyegeuka. Akarudia. Mtu mmoja akamwonyesha mlango wa choo. Meneja alikuwa anakuja mbio kutoka nyuma, viatu vyake safari hii vikitoa sauti. Nilidhani Shangazi atarudi alikotoka. Badala yake alivuta pumzi, akafumba macho, na kusema kama alivyosema kila siku ya kazi kwa miaka ishirini na sita:

"Aliye mbele yangu, mmoja au wawili?"

Ukumbi mzima uligeuka. Sauti hiyo waliijua. Nyuma mtu akasema, "Kumbe ndiye yeye? Mbona mfupi hivi?" na mwingine akamjibu, "Dirisha ndilo lililokuwa refu." Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko chembamba cha hapa na pale, lakini kilikuwa cha kwanza mchana huo.

"Mimi sura zenu sizijui," Shangazi akawaambia. "Naomba mniinulie mikono."

Wakainua. Sijui nielezeje nilichokiona kutoka kwenye lile tundu la pazia. Mikono mia mbili na zaidi ilikuwa hewani, mingine bado inadondoka maji, na Shangazi akaanza kuipitia kwa penseli kama mwalimu anayeita majina. Wewe wa pete mbili, safu ya tano. Wewe uliyeungua na mafuta, umepona? Njoo hapa katikati. Mwenye saa mkono wa kulia, karibu na mlango, na usisahau dawa yako ya kifua. Wale wa simu, ambao mikono yao hakuijua, aliwapokea kwa kuwaambia wenzao wa zamani kila mmoja amkamate mgeni mmoja aje naye. Watu waliinuka wakicheka, wakipishana, wakikanyagana na kuombana radhi. Kiongozi wa bendi, ambaye si mjinga, akaanza kupiga muziki wa ufunguzi, akaupiga mara mbili. Meneja alisimama katikati ya njia, kisha nikamwona akimshika mkono mzee mmoja na kumpeleka safu ya nne.

Walipokwisha kukaa, Shangazi aliinua uso kwenye kibanda cha heshima. "Na ninyi huko juu shukeni," akasema. "Huko hakuna kinachofika."

Meneja alifunga macho. Lakini walishuka wote watatu, na wa mbele alikuwa mzee mrefu mwenye koti la kijivu, uso mkavu usiosema kitu. Mzee Magodoro mwenyewe. Akamnyooshea Shangazi mkono kumsalimu.

Shangazi aliupokea, akautazama, hakuuachia. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kama ndoana.

"Kumbe ni wewe," akasema taratibu. "Na mimi nikakuombea wiki kumi na moja, nikidhani umefiwa na mke."

"Mke wangu yuko nyumbani, mzima," mzee akajibu. "Nilikuwa nakuja kuhesabu watu."

Shangazi hakumkasirikia. Baadaye aliniambia kwamba wakati ule hasira zake zote zilikuwa juu ya nafsi yake. Mtu mwenye uamuzi wa riziki zetu alikuja kwake kila Alhamisi, na yeye, kwa huruma, akamuuzia kiti kibaya kuliko vyote vya nyumba ile. Taarifa tuliyokuwa tukiitafutia mchawi ilitoka kwenye penseli yake mwenyewe.

"Basi unanidai mchezo mmoja," alimwambia mzee. "Umeutazama kutoka pabaya, na kosa ni langu."

Akamwongoza mpaka safu ya sita, kiti cha saba, ubavuni mwa Mama Kicheko. Mama Kicheko alimsogezea mwavuli wake uliolowa na kumwuliza kama yeye ni mgeni.

Pazia lilifunguka likiwa limechelewa dakika kumi na nne. Shangazi hakurudi dirishani. Alisimama ukutani, upande wa ndani, chini ya taa ndogo ya mlango wa kutokea, kiganja chake kikiwa juu ya ukuta ule ule. Dakika ya kumi na moja tarishi alikunjua barua ya mkwewe, akaibusu, akaanza kuimba jibu. Mama Kicheko akatangulia. Halafu safu ya sita, ya tano, ya saba, na halafu ukumbi wote ukalipuka kwa pamoja kiasi kwamba bendi ilipoteza mdundo. Mzee Magodoro alijishika mdomo kwanza. Mama Kicheko alipompiga bega aliuachia, na nikaona meno yake.

Shangazi alilia. Sisemi macho yalimlengalenga. Alilia kabisa, na mumewe, fundi seremala, akamletea chai pale pale aliposimama.

Mchezo ulipokwisha wenye mtaji hawakwenda ofisini kushauriana. Mzee Magodoro alibaki kitini watu wakitoka, akawauliza wenzake wawili kama wana neno, nao hawakuwa nalo. Akamwambia meneja kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema watu hawacheki, na kwamba alisema kweli kwa kadiri ya mahali alipokuwa amekaa. Mchezo uendelee. Simu iuze tiketi, lakini kiti cha siku za wiki kitolewe na yule mama. Meneja alikubali kabla sentensi haijaisha. Siku hizi anauita mpango huo mfumo, na nasikia ameshaueleza kwenye mikutano miwili kama wa kwake. Shangazi anasema mwacheni, ubuyu wa kugawana haugombewi. Ingekuwa mimi, ningegomba.

Tarishi sasa yuko mwaka wa nne. Kofia nimeshona ya kumi na mbili.

Alhamisi iliyofuata ile ya mvua, mkono wenye kidole kilichopinda ulitokea tena kwenye tundu. Shangazi akaukaribisha kama kawaida, mmoja au wawili. Mzee akasema ni wawili, amekuja na mkewe, kisha kwa mzaha, na ulikuwa mzaha wake wa kwanza dirishani, akaomba kile cha nyuma, penye nguzo.

"Hakipo," Shangazi akamjibu.

Alidhani kimeuzwa. Kumbe Jumatatu ya wiki ile mume wa Shangazi alikuwa amekifungua skrubu nne na kukitoa ukumbini. Alikileta kwenye chumba cha mavazi, na ndicho ninachokalia nikishona. Ni kiti kizuri, springi zake nzima, mgongo umenyooka. Na tangu siku ile, hata mtu akija dirishani na kusema waziwazi kwamba amefiwa na anataka kukaa peke yake, Shangazi humpa pole, na kumpeleka safu ya sita.